Mkopo wa kwanza wakati CRB haikujui: maandalizi ya miezi 6

Watu wengi wanaoomba mkopo wao wa kwanza hapa Kenya hubeba cheti kisicho na doa kutoka CRB, yaani kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu, wakiamini kazi imekwisha. Halafu wananyimwa, na mara nyingi hawaelezwi sababu. Cheti kile husema jambo moja tu: hakuna mkopeshaji aliyekuripoti kwa kutolipa. Hakisemi kama umewahi kukopa, ulirejesha kwa mpangilio gani, wala una uwezo wa kulipa shilingi ngapi kwa mwezi. Afisa wa mikopo akifungua faili lako akakuta ukurasa mtupu, hana cha kupigia hesabu. Atakataa, au atakupa kidogo kwa riba ya juu.

Dawa yake ni kuanza kuujaza ukurasa huo kabla hujaomba, kisha kupeleka ombi kwa mkopeshaji ambaye tayari anaona pesa zako zikiingia na kutoka. Tenga miezi 6. Mwenye haraka ya wiki moja ataishia kwenye apu za simu, na huko bei ni kubwa.

Soma kwanza kilichoandikwa juu yako

Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa kampuni 3 za taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Omba kwa zote tatu, kwa sababu benki unayoilenga huenda inatumia moja tu, na usijue ni ipi. Omba ripoti kamili, usiishie kwenye alama peke yake. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900, lakini namba hiyo haikuonyeshi kosa liko wapi. Ripoti kamili inaonyesha.

Ukiipata, angalia jina, namba ya kitambulisho na namba za simu. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, deni la mtu mwingine linaweza kukaa kwako, au mikopo yako mizuri ikaenda kwa mtu usiyemjua. Kisha pitia kila akaunti iliyotajwa. Mikopo midogo ya simu ndiyo husahaulika: mtu alichukua Sh1,200 miaka 3 iliyopita, akarudisha Sh1,200, ada ikabaki. Tangu Aprili 2020 mkopeshaji hatakiwi kukuripoti vibaya kwa deni lililo chini ya Sh1,000, ila salio dogo likiachwa huku ada na riba zikiendelea, huvuka mpaka huo bila mwenyewe kujua.

Ukikuta kosa, andika malalamiko kwa CRB yenyewe na nakala kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, ukiambatisha ujumbe wa M-Pesa wa malipo yako. Maneno ya simu hayaachi alama, kwa hiyo tumia barua pepe. Kama deni ni lako kweli, lilipe kwanza, udai barua ya kumaliza deni, ndipo uendelee na hatua zinazofuata. Taarifa ya deni lililoshindikana inaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 5 tangu ulipwaji wake, lakini deni lililolipwa linasomeka tofauti kabisa na deni lililo wazi.

Kuna jambo moja linalowapata sana vijana: laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au kaka. Umeitumia miaka 6, biashara yako yote iko humo, lakini kwa mkopeshaji historia hiyo ni ya mama. Kwa Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini yako isipokuwemo, nenda duka la Safaricom pamoja na mwenye usajili mkaihamishe, au uanze laini mpya kwa jina lako na kuhamishia mapato yote huko. Fanya hivyo mwezi wa kwanza. Ukichelewa hadi mwezi wa 5, umepoteza miezi 5.

Taarifa ya M-Pesa ndiyo wasifu wako

Kwa mtu asiye na hati ya mshahara, taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 au 12 ndiyo karatasi inayosomwa kuliko zote. Unaipata kupitia *334# au apu ya M-Pesa. Huja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa, na namba ya kuifungua huja kwa SMS. Ifungue wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza pana jedwali la muhtasari: pesa ulizotuma, ulizopokea, ulizoweka kwa wakala, ulizotoa, malipo ya Paybill na ya Lipa na M-Pesa, na jumla ya zilizoingia na zilizotoka. Afisa huanzia hapo. Akikuta zilizoingia ni Sh240,000 kwa miezi 6, anagawa: Sh40,000 kwa mwezi. Kisha anashuka kwenye mistari kutafuta kama Sh40,000 hiyo ni mapato ya kweli au ni pesa zile zile zikizunguka kati ya M-Pesa na benki yako. Pesa uliyoitoa benki ukaiweka M-Pesa haihesabiwi kuwa mapato, na mikopo ya apu iliyoingia haihesabiwi pia. Ondoa hizo mwenyewe kwa kalamu, uone kinachobaki. Hicho kilichobaki ndicho kipato chako machoni pa benki, na mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Mambo matatu huharibu taarifa hata kama mapato ni mazuri. La kwanza ni kamari. Malipo kwa kampuni za kubashiri yanaonekana kwa jina, tarehe na kiasi. Sh100 kila siku ni mistari 30 kwa mwezi, na afisa hahitaji hata kuijumlisha. La pili ni kutumia kila siku Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha. Kuitumia mara moja moja hakuna ubaya, lakini pesa ikiingia tu ikamezwa na Fuliza, jioni ukachukua tena, inaonyesha unaishi mbele ya mapato yako. La tatu ni kutoa pesa zote taslimu siku ile ile zinapoingia. Mkopeshaji haoni zinakokwenda, na salio la sifuri siku 28 kwa mwezi halimwambii kwamba utaweza kushika rejesho.

Basi kwa miezi 6 fanya hivi. Mauzo yote yapitie namba moja. Mwenye kibanda, salun au boda atenge pesa za biashara na za nyumbani; Pochi la Biashara au namba ya Lipa na M-Pesa inatosha. Mteja akikulipa taslimu, iweke kwa wakala au benki siku hiyo, usiitumie mkononi. Lipa kodi ya nyumba, umeme na karo kwa simu, tarehe zile zile kila mwezi. Na ubakishe kitu: hata Sh1,500 inayolala kwenye akaunti mwisho wa kila mwezi, ikipanda polepole, inaongea kwa niaba yako.

Usithubutu kuhariri PDF. Kila mstari una namba ya muamala na salio lililobaki; ukibadilisha kiasi kimoja, masalio yote yaliyo chini yake hayakubaliani tena. Benki ikigundua, shida yako haitakuwa kukosa historia tena; itakuwa kughushi.

Nunua historia kwa bei ndogo

Sasa chukua mkopo mdogo kwa taasisi inayoripoti kwa CRB. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012 na leo iko chini ya NCBA, pamoja na KCB M-Pesa ya mwaka 2015, ni mikopo ya benki kamili, ingawa unaipata kwa simu. M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ushuru wa serikali juu yake. Ukichukua Sh2,000, ada ni Sh150 kabla ya ushuru. Ukipitisha siku 30, muda unasogezwa na ada nyingine inaongezwa.

Chukua Sh1,000 au Sh2,000, isizidi hapo. Rudisha siku ya 20 au 25, ukiacha siku chache kabla ya mwisho ili hitilafu ya mtandao isikucheleweshe. Pumzika mwezi. Rudia. Mikopo 3 ndani ya miezi 6 itakugharimu kama Sh450 na ushuru, na utakuwa na akaunti 3 zilizofungwa vizuri kwenye ripoti. Usiugeuze kuwa mtaji wa kila mwezi: asilimia 7.5 ikirudiwa mara 12 ni asilimia 90 kwa mwaka, na hakuna kibanda cha mboga kinachobeba mzigo huo.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni rahisi zaidi: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 14 za kurejesha, kuanzia Sh500, na asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba yako. Ina kipimo chake yenyewe, na limiti hupanda unaporejesha mapema. Ni mazoezi mazuri, ila usiitegemee peke yake kukufungulia mlango wa benki.

Njia nyingine, ambayo watu huipuuza kwa kuwa inaonekana ya kipuuzi: kopa pesa zako mwenyewe. Weka Sh20,000 kwenye akaunti ya muda maalumu, kisha uombe benki hiyo mkopo wa Sh15,000 ukiitumia akiba hiyo kama dhamana. Benki haina hofu, riba huwa ya chini, na marejesho 6 yanaingia kwenye rekodi kama mkopo wowote ule.

Chama cha mtaani kina faida zake nyingi, lakini marejesho yako ya kwenye daftari la mweka hazina hayafiki CRB. Kama chama kina akaunti ya benki, michango ipitie huko kwa jina lako, angalau ionekane kwenye taarifa yako.

Sacco: hapa ndipo asiye na historia hupata mkopo wa kwanza wa maana

Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua hapa, uwe huu. Sacco haikuulizi ulikopa wapi zamani. Inakuuliza umeweka kiasi gani na nani anakujua. Nyingi hukopesha hadi mara 3 ya amana zako baada ya uanachama wa miezi kama 6. Kabla ya kujiunga, hakikisha Sacco iko kwenye orodha ya zile zilizopewa leseni au idhini na SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, na uelewe tofauti ya hisa na amana: hisa ni umiliki, hazirudishwi, unaweza tu kumwuzia mwanachama mwingine, amana ndizo zinazozidishwa mara 3, na unazipata ukijiondoa, mradi hudaiwi na hujamdhamini mtu.

Tuchukue mfano. Unaweka amana ya Sh4,000 kila mwezi. Baada ya miezi 6 una Sh24,000, na mara 3 yake ni Sh72,000. Amana zako zinafunika Sh24,000. Sh48,000 zilizobaki zinahitaji wadhamini. Wadhamini 3 wakigawana, kila mmoja anabeba Sh16,000 ya amana zake. Anza kuwatafuta mwezi wa 4, na uende na karatasi mkononi: “Mwalimu, naomba mkopo wa Sh72,000 kwa miezi 24, rejesho ni Sh3,400 hivi, hii hapa hati yangu ya mshahara. Naomba unidhamini kwa Sh16,000.” Mtu mzima anayeombwa namna hiyo anajua anachoingia. Anayeombwa “nisaidie tu sahihi hapa” atakukwepa, na ana haki.

Nawe ukiombwa kudhamini, kumbuka kwamba amana zako zinafungwa hadi yule mwingine amalize. Wengi wamekwama kwenye Sacco kwa sababu waliweka sahihi kwa urafiki.

Uliza riba inahesabiwa vipi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kwa Sh72,000 na miezi 24, ni rejesho la Sh3,389 na riba ya jumla kama Sh9,340. Asilimia 1 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, bila kujali umeshalipa kiasi gani, riba ni Sh17,280 na rejesho Sh3,720. Tangazo linasema “asilimia 1” kote kuwili. Dai jedwali la marejesho kabla ya kuweka sahihi. Kama riba ya mwezi wa 20 ni sawa na ya mwezi wa 1, unalipa ile ghali.

Ukiwa na mshahara

Anza na benki inayopokea mshahara wako, hata kama nyingine inatangaza riba nafuu. Yako imeona mshahara ukiingia kila tarehe 28. Nyingine itaanza kukuchunguza upya. Kama mwajiri wako ana makubaliano na benki ya kukata marejesho moja kwa moja, nafasi yako ni nzuri zaidi, kwa sababu rejesho linatoka kabla hujaiona pesa.

Kikomo chako kinawekwa na Sheria ya Ajira ya 2007: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa Sh36,000, makato yasivuke Sh24,000. Kodi, NSSF, SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba vinachukua kama Sh5,800. Sacco Sh4,000. Zinabaki Sh14,200 ambazo sheria inaruhusu zikatwe. Benki nyingine hupima theluthi hiyo kwa mshahara wa msingi bila marupurupu, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Ushauri wetu ni kuomba rejesho la nusu ya nafasi hiyo, Sh7,000 hivi. Ombi lililo ndani sana ya mpaka hupita kwa urahisi, na mtoto akiugua mwezi wa 3 hutavunja rekodi uliyoijenga kwa nusu mwaka.

Mkataba wa kazi nao hutazamwa. Kama umebakiza miezi 8, usiombe mkopo wa miezi 24. Kama bado uko kwenye kipindi cha majaribio, subiri barua ya kuthibitishwa.

Siku ya kuomba

Peleka ombi kwa mkopeshaji mmoja. Kila anayechungulia ripoti yako huacha alama ya kuuliza, na alama 5 ndani ya wiki 2 zinaonekana kama mtu anayezama. Faili lako liwe na hivi:

- kitambulisho na PIN ya KRA, majina yakifanana;
- taarifa ya benki ya miezi 6 yenye muhuri, na ya M-Pesa ya kipindi hicho hicho;
- hati za mshahara za miezi 3 na barua ya mwajiri, au leseni ya kaunti na daftari la mauzo kwa mfanyabiashara;
- karatasi ya bei ya kitu unachotaka kununua.

Hiyo ya mwisho watu hawaibebi, na inasaidia sana. “Nataka Sh100,000 ya biashara” ni sentensi ambayo afisa huisikia siku nzima. “Nataka Sh63,500: cherehani ya viwandani Sh48,000, meza Sh7,500, vitambaa Sh8,000, na bei za dukani hizi hapa” inampa kitu cha kuandika kwenye fomu yake. Omba kiasi kilicho chini ya uwezo wako. Na ukiulizwa kuhusu mikopo mingine, itaje yote, hata ya Sh800. Ataiona tu.

Linganisha gharama yote, usilinganishe riba peke yake: kuna ada ya kushughulikia mkopo, bima, na ushuru. CRB na Benki Kuu hazipangi bei hizo. Tangu Novemba 2019, bunge lilipoondoa kikomo cha riba, kila benki hupanga yake kulingana na hatari inayoiona kwako. Uliza swali moja: “Nikichukua Sh60,000, itafika mkononi shilingi ngapi, na hadi mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi?”

Ukikosa mdhamini na mshahara, mali inayohamishika hukubaliwa kuwa dhamana chini ya sheria ya mwaka 2017: pikipiki, mashine, hata ng'ombe. Tumia njia hii kwa mwisho, na kamwe usiweke dhamana kifaa kinachokuletea chakula kwa ajili ya deni lisilozalisha.

Wakikataa

Dai sababu kwa maandishi. Kama ni ripoti ya CRB, taka waitaje ni kampuni ipi, uichukue ripoti hiyo. Kama ni kipato, uliza ni kiasi gani kingepita. Kisha kaa miezi 3 ukirekebisha hilo moja; usikimbilie mlango wa jirani siku hiyo hiyo.

Ni katika siku hizo za kukata tamaa ndipo matapeli huingia. Anayekutaka utume Sh800 ya “kuidhinisha” au ya “kufuta CRB” kwa namba ya mtu binafsi ni mwizi. Hakuna anayeweza kufuta rekodi ya kweli kwa malipo. Mkopeshaji wa kidijitali halali yumo kwenye orodha ya Benki Kuu, na kanuni za 2022 zinamkataza kukutisha, kukutukana au kuwapigia watu walio kwenye simu yako kukuaibisha. Apu inayotaka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, ifute.

Wakikubali

Weka rejesho la kwanza kwenye akaunti siku 3 kabla ya tarehe yake. Rejesho la kwanza likichelewa ndilo baya kuliko yote, kwa sababu huna jingine la kulifunika. Mambo yakiharibika, mpigie afisa kabla ya tarehe na uombe mpango mpya kwa maandishi. Deni likifika siku 90 bila malipo linahesabiwa kuwa limeshindikana, na kuanzia hapo mazungumzo ni magumu.

Ukimaliza, usiishie kwenye ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwisho. Uliza salio kamili la siku hiyo, kwa kuwa riba ya siku 4 inaweza kubakiza Sh37 zitakazoendelea kukua. Lipa, chukua barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki kama 6 omba ripoti tena uhakikishe mkopo umeandikwa kuwa umefungwa.